Mkimbiaji na Mkimbizi

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kukimbia, na ndani yake kimetoa watu wawili. Mkimbiaji anakimbia kwa kupenda. Mkimbizi anakimbia kwa sababu akibaki ataumia. Miguu ni ileile, pumzi ni ileile, na mara nyingine hata barabara ni ileile. Najiandaa kwa nusu marathoni hapa Nairobi, na mazoezi yangu yanaanzia Kawangware, yanashuka Naivasha Road mpaka Ngong Road, halafu yanaingia Kibera. Huko maneno haya mawili hukutana kila asubuhi.

Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Ratiba ya anayeanza huchukua wiki 12 hivi: siku kadhaa za kukimbia polepole, siku moja ya kasi, na Jumapili mbio ndefu, unaongeza kidogo kidogo mpaka ufike kilomita 17 au 18. Si uchawi. Unahitaji usingizi, chakula cha kutosha na saa moja ambayo hakuna anayekudai. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Ukikosa kupumzika, kilomita zilezile zinakumaliza.

Sasa simama kando ya reli pale Kibera kabla jua halijatoka. Watu wanakanyaga mataruma kuelekea Industrial Area, haraka, bila maneno mengi. Kwenda asubuhi, kurudi jioni, siku sita kwa wiki. Ikifika Jumatano wengi wao washanipita kwa kilomita. Hakuna anayewapigia makofi, hakuna anayewapa maji, na hakuna programu ya simu inayowaambia hongera. Zangu zinaitwa mazoezi. Zao zinaitwa shida.

Utasema tofauti ni hiari: mimi nimechagua, wao hawana nauli. Ni kweli, lakini hebu tuiangalie hiyo hiari vizuri. Nikichoka kwenye kilomita ya tisa, napanda mathree narudi nyumbani. Ninachokiita moyo wa kuvumilia kina mlango wa kutokea. Yule wa reli akichoka, anaendelea. Kama uvumilivu ni fadhila, nani kati yetu anao?

Hapo pia kuna mtego. Ukimsifu sana mtembeaji kwa uvumilivu wake, unaipa serikali ya jiji sababu ya kutomjengea njia ya miguu. Maskini wa Nairobi wamesifiwa vya kutosha. Sitaki kuongeza sifa. Ninachokataa ni ile hotuba ya nidhamu, ile ya wasee wa kuhamasisha, kwamba anayetaka atafika na asiyefika hakutaka. Hupenda sana kumtaja Eliud Kipchoge na zile 1:59:40 za Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Lakini siku ile Kipchoge alikuwa na wasaidizi 41 wakipokezana kumkinga upepo, gari mbele likimulika mstari wa mwanga barabarani, njia tambarare iliyochaguliwa kwa makini, na vinywaji vikiletwa na mtu wa baiskeli. Hilo halimpunguzii hata nukta moja. Linaonyesha tu kwamba hata moyo mkubwa kuliko yote ulitengenezewa barabara kwanza.

Na Nairobi inajua kutengeneza barabara ikitaka. Tarehe 8 Mei 2022 wakimbiaji wa Nairobi City Marathon waliikanyaga Expressway kabla magari ya umma hayajaruhusiwa kuitumia. Njia ilifungwa na maji yakapangwa. Siku za kawaida ukionekana juu yake kwa miguu ni kosa. Yaani anayetembea kwa hitaji anafukuzwa, na anayekimbia kwa kupenda anapewa medali. Mimi naitaka hiyo medali, usinielewe vibaya. Nashangaa tu jinsi jiji linavyoheshimu jasho likishalipiwa ada ya kujiandikisha.

Kisha kuna ile barabara inayokata Kibera kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Tarehe 23 Julai 2018 tingatinga zilifika alfajiri. Watu wanaokadiriwa kuwa 30,000 walipoteza makao, na shule zikabomolewa pia. Walikimbia na magodoro, masufuria na watoto. Leo ni lami safi, na asubuhi wanaopita mbio hapo ni sisi wenye raba.

Je, ni vibaya kufanyia mazoezi hapo? Nimelifikiria na jibu langu ni hapana. Nikikwepa lami ile, hakuna chumba hata kimoja kitakachorudi. Tena vijana wa Kibera wenyewe wanakimbia hapo, maana vichochoroni utavunjika kifundo. Lakini kukimbia hapo huku umeshawishika kwamba palikuwa patupu ni jambo lingine. Kabla ya lami hapo palikuwa na milango, na nyuma ya milango palikuwa na watu waliolala.

Kwenye kikundi chetu cha Jumapili kuna jamaa wa mjengo kutoka Kawangware. Wiki nzima anatembea kwenda saiti na kurudi, na bado Jumapili anakuja. Niliwahi kumuuliza kwa nini asilale. "Buda, hizi ndizo kilomita zangu," alisema. "Zile zingine ni za mdosi."

Njia yetu ndefu inapitia Lavington, ambako njia za miguu ni laini. Mwanaume mwenye tisheti iliyochakaa akipita huko mbio kukiwa bado giza, soja wa geti anamwona mwizi. Kwa hiyo jamaa hubandika kifuani namba ya mbio za zamani, kwa pini nne, hata siku za mazoezi. Imefuliwa mpaka wino ukaisha, huwezi kujua ni ya mwaka gani. Soja hajisumbui kuisoma. Akiiona tu, anarudi kwenye redio yake.