Tusiyasadiki Macho Peke Yake

Ndugu wapendwa, katika Yoshua 9 twasoma habari za watu wa Gibeoni: walivaa viatu vikuukuu, wakachukua mkate wenye ukungu, nao wakuu wa Israeli wakayasadiki macho yao, wasimwulize Bwana. Siku 3 baada ya agano wakatambua ya kuwa wamedanganywa.

Vivyo hivyo mtu akibisha hodi bila kutazamiwa, akisema ametumwa kusoma mita ya maji, sare na mkoba wa vyombo si ushahidi. Yatupasa kumngojesha nje, mlango umefungwa, tukapige simu ofisini kwa namba iliyo katika ankara yetu, si ile atupayo yeye. Mtumishi wa kweli hatachukizwa. Nao watoto walio peke yao wasimfungulie.

Kuuliza si kukosa ukarimu. Ni kuwalinda wale tuliokabidhiwa na Mungu. Amina.