Wimbo ni wa Nani? Deni la Mpenzi wa Taarabu kwa Mtunzi Asiyetajwa

Suala la nani mwenye kazi ya sanaa limewashughulisha wahakiki wa fasihi andishi kwa muda mrefu, na wengi wetu tunaosomesha fasihi ya Kiswahili tumelipokea kana kwamba ni suala la vitabu peke yake. Katika makala haya tunanuia kulitazama mahali ambapo halijatazamwa vya kutosha, yaani katika kauli za wapenzi wa taarabu ya Mombasa. Tutadai kwamba mpenzi wa wimbo, kwa kule kuupenda tu, huingia katika deni kwa aliyeutunga. Tutadai pia kwamba deni hilo, ingawa ni la haki, halilipwi kwa namna moja katika kila hali, na kwamba zipo hali ambapo kulilipa hadharani ni kumdhulumu mtu mwingine.

Aketiye barazani katika Mji wa Kale baada ya sala ya alasiri, iwe upande wa Kibokoni au wa Kuze, hakawii kuusikia ubishi wa kaseti. Kahawa chungu inapozunguka, wazee hugawanyika makundi mawili. Kuna wa Juma Bhalo na kuna wa Zein l'Abdin. (Wapenzi wa Maulidi Juma nao hawakosi, ila wao aghalabu hucheka zaidi kuliko wanavyobishana, na huenda ndio wenye busara.) Wa Zein husifu udi wake, na jinsi mzaliwa huyo wa Lamu alivyouhifadhi muziki wenye harufu ya Yemeni na Hadhramaut. Wa Bhalo husifu sauti, na mahadhi yaliyotokana na filamu za Kihindi ambazo kizazi chao kilizitazama katika majumba ya sinema ya Mombasa hadi kikazijua nyimbo zake pasi na kuijua lugha yake. Kaseti hazitajwi kwa mwaka wala kwa jina la kampuni. Hutajwa kwa arusi. Kwa kuwa rekodi nyingi zilifanywa papo hapo arusini, mtu atasema "ile ya arusi ya kina fulani", na mwenziwe atajua mara moja ni kaseti ipi, nani alipiga fidla, na ni wimbo gani ulioombwa urudiwe.

Kumbukumbu hii ya wapenzi ni ya ajabu kwa wingi na usahihi wake. Mwimbaji amo, wapigaji wamo, mwenye arusi yumo, hata mvua iliyonyesha usiku ule imo. Mtunzi wa maneno ndiye asiyekuwamo.

Hali hii haitokani na uhaba wa watunzi. Inajulikana kwamba Zein aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany, mtunzi wa *Sambo ya Kiwandeo* na *Umbuji wa Mnazi*, na kwamba Nabhany ndiye aliyemfungulia hazina ya tungo kongwe za Lamu. Inajulikana vilevile kwamba sehemu kubwa ya nyimbo za Juma Bhalo zilitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yule yule wa *Malenga wa Mvita*, diwani iliyochapishwa mwaka 1971 chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin. Hapa historia imetufanyia mzaha. Mtunzi huyu huitwa Ustadh Bhalo, na mwimbaji naye ni Bhalo. Mpenzi asemapo "Bhalo amesema kweli", jina moja limewabeba watu wawili, na asiyejua huliweka lote juu ya mmoja. Mwanafunzi wa sekondari aliyepata kumsoma malenga huyu darasani aliweza kutoka shuleni, akaenda arusini usiku, akausikia utungo wa mtu yule yule, wala asitambue kuwa amekutana naye mara mbili kwa siku moja.

Sina haki ya kuwalaumu wapenzi hao bila ya kujitaja mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilisomesha wimbo mmoja wa taarabu kama mfano wa jazanda katika ushairi wa mapenzi, na juu ya karatasi niliyowagawia wanafunzi niliandika jina la mwimbaji. Sikudhani kwamba nakosea. Siku moja nilialikwa barazani na mzee ambaye mjukuuwe alikuwa mwanafunzi wangu. Mzee aliitoa karatasi ile mfukoni, akainyoosha juu ya goti, akaniuliza kwa upole, "Maalim, wewe wasomesha ushairi au wasomesha sauti?" Kisha akanitajia aliyeutunga, na sababu iliyomfanya autunge. Nitarejea kwenye sababu hiyo.

Yafaa kwanza kuuliza kosa langu lilikuwa ni lipi hasa. Si kosa la taarifa tu. Ningekuwa nimekosea mwaka wa kaseti, mzee yule asingeiweka karatasi mfukoni. Msikilizaji akivutwa na maneno ya wimbo huvutwa na ujuzi fulani wa maisha. Mtu fulani aliwahi kuachwa, au aliwahi kuwatazama walioachwa kwa makini, akalipata neno ambalo sisi tulilikosa. Tukimsifu mwimbaji kwamba "anaujua uchungu wa mapenzi", tunauchukua uchungu wa moyo mmoja na kuuweka katika moyo mwingine. Mwimbaji hakuomba apewe. Yamkini yeye mwenyewe alimtaja mtunzi kila alipoulizwa. Ni mapenzi yetu sisi yaliyofanya uhamisho huo.

Mtu aweza kujibu kwamba utungo ulioko kwenye karatasi si wimbo, na kwamba aufanyaye kuwa wimbo ndiye mwenyewe. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa na sisi watu wa maandishi. Mtunzi huhesabu mizani na kupanga vina, na kwake ubeti ukiwa na mizani kamili umetimia. Mwimbaji huuvunja utimilifu huo. Hurefusha silabi moja hadi ikawa na uzito wa mstari mzima, hurudia kipande ambacho mtunzi alikipitia mara moja tu, husita kabla ya kina ili wasikilizaji wakitamke wao kwanza. Katika taarabu ya Bhalo kazi huzidi kuwa ngumu, kwani mahadhi ya Kihindi hayakuzaliwa kwa ajili ya mizani ya Kiswahili. Neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mahadhi yana mahali pake pa kukaza. Kuyapatanisha hayo bila ya kuliharibu neno ni utunzi wa pili. Mpenzi asemaye kwamba alilia kwa sababu ya sauti, wala si kwa sababu ya maneno, hasemi uongo.

Lakini hoja hiyo ikikubaliwa haimwondoi mtunzi katika hesabu. Inamwongeza mdai. Yuko aliyeyatunga mahadhi yale kwa ajili ya filamu huko Bombay, ambaye barazani hatajwi hata kwa kosa. Nimewahi kuwasikia wa Zein wakiwatupia wa Bhalo neno "wizi" kwa sababu hiyo, na wa Bhalo wakajibu kwamba mahadhi ni kama upepo wa kaskazi, huvuma ukafika na hauna mwenyewe. Jibu hili ni zuri, ila aliyelitoa alighadhibika vikubwa dakika chache baadaye aliposikia kwamba kijana mmoja wa bendi mpya ameimba wimbo wa Bhalo pasi na kumtaja. Upepo ulikuwa umepata mwenyewe.

Kuna pia jibu la wasomi. Mwaka 1967 Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, na wanafunzi wetu wengi hulipenda tangazo hilo kwa kuwa linawapunguzia kazi. Barthes aliandika katika nchi ambayo jina la mwandishi lilikuwa limekuwa mungu mdogo, likachapwa kwa herufi kubwa juu ya kila jalada, na kumwua mwandishi huko kulikuwa tendo la ukombozi. Mtunzi wa taarabu hajapata kupewa uhai wa namna hiyo. Kuileta nadharia hiyo Mji wa Kale bila ya kuipima ni kumfanyia matanga mtu ambaye hatujampa hata jina. Uingereza nako wapenzi wa Beatles wamebishana kwa miongo juu ya wimbo upi ni wa Lennon na upi wa McCartney, kwa sababu wawili hao walipatana kuandika majina yao yote mawili chini ya nyimbo zao hata pale mmoja alipotunga peke yake. Ubishi wao umezaliwa na majina kuwa mengi. Wetu, penye kaseti iliyoandikwa jina la mwimbaji peke yake kwa kalamu ya wino, haukuzaliwa kabisa.

Wala tusiseme kwamba kutomtaja mtunzi ndiyo desturi ya Waswahili. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840, na tungo zake hazikuwahi kupigwa chapa katika uhai wake. Zilibaki vinywani mwa watu wa Mvita hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya, akishirikiana na W. E. Taylor, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Hichens alizitoa katika diwani mwaka 1940. Waliozihifadhi walihifadhi na jina, na mara nyingi kisa kilichosababisha utungo. Watungaji wenyewe walikuwa na mazoea ya kujitaja katika ubeti wa tamati. Ubeti huo ndio wa kwanza kuachwa shairi linapogeuzwa wimbo, kwa kuwa hauchezeki wala hauhusiani na bwana arusi. Kwa hiyo kilichomficha mtunzi si mila, bali ni uchache wa muda arusini na udogo wa karatasi ya kaseti. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, lakini sheria haifiki barazani, na hata ingefika isingemlazimisha mtu akumbuke.

Kufikia hapa msomaji atadhani kwamba jawabu ni jepesi, yaani tuwatafute watunzi, tuwataje, tuandike majina yao juu ya karatasi zetu. Hivyo ndivyo nilivyodhani nilipotoka kwa yule mzee. Ila kuna sababu ile niliyoahidi kuirejea.

Taarabu ya Mombasa ni sanaa ya fumbo. Nyimbo nyingi hazikutungwa kwa ajili ya umma. Mtu alikuwa na jambo lake, akaenda kwa mtunzi, akamweleza siri yake, mtunzi akaivika vazi la ua, au ndege, au chombo kilichokwama, na mwimbaji akaitoa mbele ya watu mia ambao mmoja wao tu ndiye aliyekusudiwa. Mtunzi katika hali hii ni mwekwa amana. Akitajwa, watu huuliza alikuwa jirani ya nani, alisuhubiana na nani mwaka ule, nani alikuwa akiingia kwake jioni. Na mji ni mdogo. Ndivyo ulivyokuwa wimbo wangu wa darasani. Mzee alinionyesha daftari lenye utungo ule kwa hati za Kiarabu, mkono wa mtunzi mwenyewe, na pembeni neno moja lililomtambulisha aliyeagiza. Mtunzi amekwisha kufa. Aliyeagiza, wakati huo, alikuwa hai, ana wajukuu, na kisa chenyewe hakikuwa cha kumpa fahari.

Nilimwuliza mzee kwa nini basi amenitajia. Alisema, "Nimekutajia ili usimtaje asiyekuwa yeye. Sikukwambia umtaje yeye."

Nimelizingatia neno hilo kwa muda mrefu, nami naona limebainisha jambo ambalo nadharia zetu zimelichanganya. Kuna kufichika ambako mtunzi amekuchagua, na kuna kufichika alikotiwa na wengine. La pili ni dhuluma, na linataka kurekebishwa: yeyote asomeshaye nyimbo za Juma Bhalo leo bila ya kumtaja Ahmad Nassir pale anapojua kuwa ni zake, au za Zein bila ya kumtaja Nabhany, hana udhuru, kwani watunzi hao walijitokeza kwa majina yao na vitabu vyao vimo maktabani. Katika la kwanza, kimya cha mtunzi ni sehemu ya kazi aliyoitunga, kama kilivyo kina chake cha mwisho, na mhakiki anayekivunja kwa kisingizio cha haki ameuharibu utungo aliodai kuutetea. Ugumu ni kwamba kwa nje yote mawili hufanana. Karatasi ya kaseti haisemi ni kwa nini jina halipo.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya ubishi wa barazani, ambao nilikuwa nikiudharau. Wazee hujua ni jina lipi limepotea na ni lipi limefichwa. Maarifa hayo hayamo katika rekodi yoyote. Zein alifariki mwaka 2016, Nabhany mwaka 2017. Juma Bhalo, aliyekuwa ameacha kuimba tangu mwaka 2007, alifariki mwaka 2014. Nyimbo zao sasa zimo katika simu za vijana, zimehamishwa kutoka kaseti hadi kaseti hadi zikapoteza hata jina la arusi, na mara nyingi zimebaki na neno "Bhalo" na nambari.

Karatasi ya darasani nimeiandika upya. Juu yake pana jina la mwimbaji, limetajwa kuwa ni la mwimbaji, na chini yake nimeandika kwamba mtunzi anajulikana na hakutaka kutajwa. Wanafunzi huniuliza ni nani kila mwaka. Daftari lilirudi kwa mwenyewe siku ile ile, kabla ya magharibi.