Ubao wa Halali

Wako ndugu zetu wa Diani na Msambweni wajitengenezeao vitanda na makabati majumbani mwao kwa kufuata ramani. Watu huwacheka, nasi twasema hapana aibu, kwani Nabii Zakaria, alayhi salaam, alikuwa seremala. Lakini jasho halihalalishi mti wa wizi, wala ughali wa mbao si udhuru. Mwembe wako ni milki yako. Mti wa Kaya Kinondo, msitu uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni amana ya waliourithi na watakaozaliwa. Basi, ewe ndugu, kabla hujaupima ubao kwa futi, upime kwa sharia: umetoka wapi, na mwenyewe ameridhia? Mwenyezi Mungu atujaalie kulalia cha halali. Amin.