Kamera Begani

Kaka yangu hupiga picha za habari za televisheni hapa Kampala. Jina lake halitajwi. Anayeonekana ni mtangazaji. Taarifa ya jioni ikianza hutuambia, "Hiyo yangu," mama hucheka. Nilimwonya kuwa hicho ni kibri. Kumbe Mtume (s.a.w.), alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo na viatu vizuri, alieleza kuwa kibri ni kuikataa haki na kudharau watu. Mohamed Amin wa Nairobi alipiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, dunia ikachanga. 1991 akapoteza mkono Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Kaka anamdharau nani? Mimi, mwenye vitabu, ndiye niliyemdharau. Jana nilimbebea stendi ya kamera hadi Soko la Owino. Nzito, wallahi.