Nani Amtandikie Punda Mefiboshethi?

Somo: 2 Samweli 9:1-13, 19:24-30

Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 habari zilipofika kutoka Yezreeli kwamba babu yake Sauli na baba yake Yonathani wameuawa. Mlezi wake alimbeba mbiombio amwokoe, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akapata ulemavu wa miguu (2 Samweli 4:4). Tunapokutana naye katika sura ya 9 ni mtu mzima mwenye mtoto mdogo aitwaye Mika. Anaishi Lo-debari, nyumbani kwa Makiri, huku Daudi akiulizia kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Angalia Siba, mtumishi wa zamani wa nyumba ile, anavyojibu. Anasema yupo mwana wa Yonathani, ana kilema cha miguu. Jina halitaji. Lakini mtu huyo anapofikishwa mbele ya mfalme, neno la kwanza linalotoka kinywani mwa Daudi ni jina lake. Kijana wa sekondari atalielewa hili upesi, maana shuleni ndiko majina yanakopotea. Yule kiziwi wa kidato cha pili. Yule wa magongo. Mwaka unaisha, na wapo wanafunzi waliokaa naye chumba kimoja bila kujua anaitwa nani.

Daudi anaagiza mashamba ya Sauli yarudi kwa Mefiboshethi, naye awe anakula mezani pa mfalme siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Nimesikia mahubiri yakisema kwamba kitambaa cha meza kilifunika miguu yake, hivyo akiketi hakuna aliyeona tofauti. Wengi huipenda picha hiyo. Mimi siipendi, na Biblia haina kitambaa hicho. Aya ya mwisho ya sura inasema alikula mezani pa mfalme daima, kisha papo hapo inarudia kwamba miguu yake yote miwili ilikuwa na ulemavu. Hakusubiri kuponywa ndipo akaribishwe, wala hakufichwa. Uzito wa jambo hili unaonekana ukifungua nyuma kidogo, 5:8, ambako kitabu hichohicho kinataja msemo uliozuka baada ya vita vya Yerusalemu, kwamba vipofu na viwete wasiingie nyumbani. Sasa mmoja wao yumo ndani, tena mezani.

Kazi iko hapo kwenye siku zote. Kumwalika mtu mara moja hakutushindi. Kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tunavaa fulana, tunasikiliza hotuba na kupiga picha. Tarehe 4 inafika, na mtu yule bado anahitaji mahali pa kukaa.

Usharikani kwetu yupo binti wa kidato cha tatu, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya vijana. Rafiki yake wa dawati moja, ambaye naye ni mwanakwaya, anatembelea magongo. Kengele ya chai ya saa nne ikilia, shule nzima inakimbilia kantini, na kantini iko ng'ambo ya uwanja uliojaa makorongo. Mwanzoni wenzao waliona jawabu jepesi: abaki darasani, aletewe maandazi. Wakawa wanamletea kwa moyo mweupe kabisa, naye akawa anakula peke yake, akiwasikia wanavyocheka chini ya mwarobaini. Binti yetu akaona kwamba chakula kinamfikia rafiki yake ila maongezi hayamfikii. Akawashawishi wenzake wahamishe kijiwe. Siku hizi wanakaa barazani, nje ya darasa lao, na wawili hutumwa kantini kwa zamu na fedha iliyochangwa na wote. Magongo yanaegemezwa ukutani, pale mkono wa mwenyewe unapofika. Wamejifunza kutoyasogeza bila kumuuliza, kwa sababu kumwekea mtu magongo yake mbali ni sawa na kumfunga kamba miguuni.

Na hugombana. Juzi walinuniana kwa ajili ya bikari iliyoazimwa isirudishwe. Mimi nilifurahi kusikia, kwa kuwa mtu tunayemwonea huruma tu huwa hatudai chochote kwake, hata bikari.

Watu wengi wanaofundisha habari hii hukomea sura ya 9, pale mezani. Tuendelee. Miaka inapita, Absalomu, mwana wa Daudi, anaasi, na Daudi anakimbia kutoka Yerusalemu. Njiani Siba anamlaki mfalme na punda wawili waliotandikwa, wamebeba mikate 200, zabibu, matunda na divai. Daudi anauliza yuko wapi bwana wake. Siba anajibu kwamba Mefiboshethi amebaki mjini, anangojea kurudishiwa ufalme wa babu yake. Na mfalme, bila kusikiliza upande wa pili, palepale anampa Siba mali yote ya Mefiboshethi.

Daudi anaporudi, Mefiboshethi anatoka kumlaki. Hajaitunza miguu yake, hajakata ndevu, hajafua nguo tangu siku mfalme alipoondoka. Daudi anamuuliza: mbona hukwenda pamoja nami? Jibu lake linanichoma kila ninapolisoma. Alikusudia kutandikiwa punda apande aende na mfalme, kwa sababu hawezi kwenda kwa miguu, lakini mtumishi wake alimdanganya, kisha akamsingizia.

Mtu aliyekula na mfalme miaka yote alikosa safari kwa sababu ya punda. Wema wa Daudi ulikuwa wa kweli. Nani angempandisha Mefiboshethi siku ya kukimbia, hilo halikuwa limepangwa. Na lawama ikamwangukia aliyeachwa. Ndivyo inavyokuwa hata leo. Darasa linakwenda ziara, gari halina jinsi ya kupakia kiti mwendo, na kesho yake mwenye kiti anaulizwa kwa nini hakuja. Vijana wanakesha kwenye maombi, mhubiri anahubiri mpaka usiku wa manane bila mkalimani wa lugha ya alama, halafu tunasema viziwi hawapendi mikesha.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Namshukuru Mungu kwa hatua hizo. Lakini makanisa mengi tunayoyajenga kwa harambee bado yana ngazi mlangoni bila njia ya mteremko, na madhabahu zetu zimeinuliwa juu hata mwenye magongo hafikirii kusoma somo mbele ya watu. Kamati za ujenzi zinaundwa na watu wazima, kwa hiyo deni hili ni letu, wala tusiwatwishe watoto.

Kwako kijana nina neno moja la tahadhari. Usijione kuwa wewe ndiwe Daudi katika habari hii, mwenye meza na mwenye kukaribisha. Meza ni ya Kristo, na wewe na rafiki yako mmealikwa sawasawa. Tena mwenye ulemavu naye hutumwa kukaribisha wengine. Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama, alipoteza usikivu akiwa na miaka 11. Mwaka 1954 alihitimu Chuo cha Gallaudet, mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hapo, na mwaka 1957 alifika Ghana akiwa mmisionari, akafungua shule ya viziwi Accra. Mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, alikuwa ameanzisha zaidi ya shule 30 za viziwi katika nchi nyingi za Afrika, na humo watoto wengi wakaisikia Injili kwa mikono. Paulo anasema viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi (1 Wakorintho 12:22). Foster alitumwa, na huenda Mungu anamtayarisha kwa utume huyo unayemsubiri kwenye ngazi.

Kwaya yetu ilipopanga kwenda kuimba usharika wa jirani, kikao kilianza na rangi ya sare. Binti yule akanyoosha mkono, akauliza gari litakalokuja lina ngazi za kimo gani, na kama tunaweza kuondoka nusu saa mapema ili rafiki yake asipandishwe kwa papara. Mwenyekiti hakuwa na jibu. Akatoka nje kumpigia dereva simu, na sare zikasubiri.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyewapokea vipofu na viwete hekaluni huku watoto wakipaza sauti za Hosana na wakubwa wakichukia, wape vijana wetu ujasiri wa kuuliza maswali kwenye vikao. Utupe sisi wazee masikio. Walioachwa nyuma wakasingiziwa, uwasikilize mwenyewe, na Jumapili ijayo wafikishe nyumbani mwako pamoja nasi. Amina.