Ukungu wa Akili kwa Mwenye Ugonjwa wa Ini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa katika darsa yetu, tena zaidi ya mara moja, juu ya mtu aliyepatwa na homa ya ini ya namna ya C, ambaye akili yake imekuwa kana kwamba imefunikwa na ukungu. Asoma Fatiha kisha hajui amesoma au bado. Asimama katika sala wala hajui rakaa ni ya tatu au ya nne. Akitumwa Marikiti vitu vitatu hurudi na kimoja. Jamaa zake wamegawanyika: huyu asema ni uvivu, yule asema amepagawa na jini, na wa tatu asema ni malipo ya dhambi zake. Naye mwenyewe amefikia hadi ya kuona haya kwenda msikitini asije akachekwa. Basi tumeona yatupasa kulieleza jambo hili, kwani ujinga ndani yake wamdhulumu mgonjwa, na wamtia dhambini amdhaniaye vibaya.

Kwanza na tuujue ugonjwa wenyewe. Virusi vya namna ya C vilitambuliwa na wataalamu mwaka 1989. Huingia mwilini kwa njia ya damu, na huweza kukaa katika ini miaka ishirini au zaidi bila ya mtu kuhisi kitu ila uchovu. Ini ndilo lisafishalo damu. Likiota makovu, sumu ambazo lilikuwa likiziondoa huzunguka mwilini hata zikafika kwenye ubongo. Na wengi ambao ini lao halijaharibika hadi hiyo pia hulalamika kusahau, na kichwa kizito, na kukosa neno hali wanalijua. Haya si mambo ya kujitakia.

Ama matibabu, zamani yalikuwa ni sindano za intaferoni pamoja na vidonge, kwa muda wa miezi sita hata karibu mwaka mzima, na dawa hiyo yenyewe ilikuwa ikizidisha ukungu na huzuni, hata wengine wakaiacha katikati. Tangu mwisho wa mwaka 2013 zimetoka dawa mpya za vidonge. Siku hizi wagonjwa wengi humeza vidonge vitupu kwa wiki 8 au 12, na katika kila watu 100 zaidi ya 95 hupona. Lakini kwisha kwa virusi si lazima kuwe ndiko kuondoka kwa ukungu siku ile ile. Wako wapatao wepesi baada ya miezi, na wako wabakiwao na kidogo. Basi kumwambia mtu, "Mbona umepona na bado wasahau?" ni kumtwika mzigo juu ya mzigo.

Je, dini yetu yasemaje? Mtume (S.A.W.), aliye bora wa viumbe, aliwahi kusalisha sala ya rakaa nne akatoa salamu katika rakaa ya pili. Dhul-Yadayn akamwuliza kwa adabu: je, sala imepunguzwa au umesahau? Mtume akawauliza watu, akaitimiza sala yake, akasujudu sijida mbili. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyesema amepagawa. Na katika tukio jingine aliwafundisha sahaba zake kwamba yeye ni binadamu, husahau kama wanavyosahau wao, basi akisahau na wamkumbushe. Ikiwa hivyo ndivyo alivyokuwa Mtume hali ni mzima, mgonjwa ana lawama gani?

Kwa hivyo mwenye shaka katika rakaa zake na ashike yakini, nayo ni ile hesabu ndogo. Akishuku ni tatu au nne, azifanye tatu, aongeze moja, kisha asujudu sijida mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Shaka imjiayo baada ya salamu haimdhuru. Na aliye na yakini kwamba alitawadha, shaka haimtangulii udhu wake.

Tena twamnasihi asiukimbie msikiti, bali aziandame sala za jamaa. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, maamuma akisahau jambo la sunna nyuma ya imamu, imamu humchukulia sahau yake, wala hapana sijida juu yake. Ama nguzo haichukuliwi. Tazameni hekima hii: sharia yenyewe imempa msahaulifu mtu wa kumbebea. Nasi tulio safu moja naye, imekuwaje tuwe ndio wa kumfukuza kwa vicheko?

Na mambo ya mali ni hivyo hivyo. Qur'ani katika Sura ya Al-Baqara imetuamrisha kuandika madeni, na imesema kwamba mwenye deni akiwa dhaifu au hawezi kuandikisha, basi msimamizi wake aandikishe kwa uadilifu. Mwenye duka aliyepatwa na hali hii na awe na daftari, na mwanawe au nduguye awe shahidi. Saa za dawa nazo ziandikwe. Ama yule ambaye, akijua kwamba mwenziwe asahau, humwambia "Nilikwisha kukulipa" hali hakulipa, huyo amekula moto tumboni mwake.

Wanaosema kwamba maradhi haya ni malipo ya dhambi na waitazame Misri. Katika karne iliyopita wanavijiji wengi mno walidungwa sindano za kutibu kichocho, na sindano hizo zikitumiwa kwa mtu baada ya mtu, hata homa ya ini ikaenea nchi nzima. Watu hao walikuwa wamekwenda kutafuta dawa! Kisha mwaka 2018 serikali yao ikasimama kuwapima raia kwa makumi ya mamilioni, na wagonjwa wengi mno wakatibiwa. Hawakukaa wakiulizana nani alikosa nini.

Kwetu pwani nako wako vijana walioupata kwa kushirikiana sindano za unga. Unga ni haramu, na hilo hatulifichi. Lakini kijana akiugua ni mgonjwa, na haki ya mgonjwa ni kutibiwa. Wala si kila mwenye ugonjwa huu alijidunga: wembe wa kushirikiana, kisu cha tohara kisichosafishwa, chale za waganga, na hata hijama ikifanywa kwa wembe uliokwisha kutumiwa, zote zaweza kuuleta. Hijama ni sunna, bali wembe mchafu si sunna. Ama kula naye katika sinia moja, kumpa mkono na kumkumbatia, hakuambukizi.

Basi, ndugu zetu wa Kuze na Kibokoni, na wa Kisiwa kizima, twawanasihi haya. Mpimeni damu mwenye dalili. Na kipimo cha kwanza kikionyesha alama, kifanywe cha pili kijulishe kama virusi vingalimo. Msimpe makombe na mitishamba badala ya dawa, kwani miti mingine hulidhuru ini. Asiache vidonge kabla ya kwisha muda wake, na Ramadhani ikimkuta katika dawa amwulize tabibu, kwani Mungu amempa mgonjwa ruhusa. Mkimwona alala mchana na kukesha usiku, mikono yatetemeka, maneno yamvurugika, mpelekeni hospitali siku ile ile, si kwa mganga. Na akisahau, mkumbusheni kwa upole kama alivyokumbushwa Mtume.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi wazima nyoyo za kuwavumilia. Na Mungu ndiye mwenye kuongoza kwenye njia ya sawa.