Alijitoa, au Alinyang'anywa?

Anapozikwa mama aliyekuwa mwalimu, tena aliyejaliwa miaka mingi, kuna neno ambalo halikosi kusemwa kaburini. Twasema, "Marehemu alijitoa." Alijitoa kwa wanafunzi, kwa watoto wake na wa ndugu zake, kwa kwaya, kwa umoja wa akina mama, mpaka nguvu zikamwishia. Twalisema kwa moyo mweupe, na mara nyingi ni kweli. Lakini yafaa tujiulize tunasifu nini hasa. Maana mtu aweza kutoa kilicho chake, na aweza pia kunyang'anywa. Na atazamaye kwa mbali huona jambo moja tu, kwamba kitu kimetoka mkononi mwa mmoja kikaingia mkononi mwa mwingine.

Tumependa kulifikiri jambo hili kwa kukumbuka maisha ya mwalimu mmoja wa Marekani, Anna Julia Cooper. Alikuwa wa Kanisa la Episcopal, yaani Waanglikana wenzetu wa huko, na Kanisa hilo humkumbuka katika kalenda yake tarehe 28 Februari. Alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina, akafariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 105.

Alizaliwa mtumwa. Mama yake, Hannah Stanley Haywood, alikuwa mali ya mtu. Kuhusu baba, Anna aliandika baadaye kwamba yamkini ni bwana wa mama yake, na kwamba mama aliona haya hata kumtaja. Basi hapa pana swali letu lote. Hannah alifanya kazi katika nyumba ya watu wengine maisha ya ujana wake wote, pasipo ujira. Je, alijitoa? Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Hakutoa kitu, alichukuliwa. Kazi ile ile, jasho lile lile, lakini hakuwa na nafasi ya kusema hapana. Na pasipo nafasi hiyo neno "kujitoa" huwa kama shuka safi lililotandikwa juu ya uchafu.

Vita vilipokwisha na watumwa kuachwa huru, Kanisa lilifungua Raleigh shule ya Mtakatifu Augustino, na Anna akaingia mwaka 1868, bado mtoto mdogo. Alikuwa mwepesi wa kufahamu, akawa akiwafundisha wenzake. Kisha likafunguliwa darasa la Kigiriki, naye akaambiwa ni la wanaume wanaosomea ukasisi. Alidai aingie, akaingia. Katika kitabu chake cha mwaka 1892, A Voice from the South, alilikumbuka jambo hilo kwa uchungu uliochanganyika na kicheko: mvulana akisema tu kwamba anawaza kuwa kasisi hupewa kila msaada, hata kama akili yake ni haba, msichana hubaki akipigana peke yake. Yatupasa sisi watu wa Kanisa tusome maneno kama hayo bila kugeuza uso. Waliomfungulia mlango wa shule ndio hao hao waliotaka kumwachia mlango wa Kigiriki umefungwa, na hatuna shaka kwamba walijiona wema.

Katika darasa hilo alimpata mume, George Cooper, mtu wa visiwa vya Karibi aliyefundisha Kigiriki hapo na kusomea ukasisi. Walioana 1877, naye akafariki 1879. Mjane alikuwa na miaka 21, hana mtoto. Akaenda chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, akachagua masomo waliyoyaita ya wanaume, akahitimu 1884. Miaka mitatu baadaye akaitwa kufundisha katika mji mkuu, Washington, katika shule ya sekondari ya Waafrika wa Marekani iliyokuja kujulikana kama M Street. Mwaka 1902 akawa mkuu wake.

Hapo alitia bidii watoto wa maskini wafundishwe Kilatini na hesabu sawasawa na watoto wengine wote, na baadhi yao wakapokelewa katika vyuo vikuu kama Harvard. Wakubwa kadhaa hawakupendezwa. Walitaka watoto weusi wapewe masomo mepesi na kazi za mikono. (Kazi za mikono si aibu. Aibu ni kuamua kwamba mtoto fulani hawezi kitu kingine kabla hajajaribiwa.) Mabishano yakawa makali, na uvumi mbaya ukasambazwa hata juu ya kijana yatima aliyekuwa amemlea nyumbani mwake. Mwaka 1906 hakupewa tena nafasi yake. Alikwenda Missouri kufundisha, na mwaka 1910 akarudi shule ile ile, si kama mkuu bali mwalimu wa Kilatini wa kawaida.

Tafadhali liangalieni jambo hilo la uvumi. Huruma yake kwa yatima iligeuzwa silaha ya kumpigia. Watu wale wale ambao wangalimsifu kaburini kwa kulea, walipotaka kumwondoa walikuta kulea kwake ndiko kunakofaa kushitakiwa.

Basi tufike mwaka 1915. Alikuwa na miaka 57, na alikuwa ameanza masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakati wa likizo. Hapo familia ya kaka yake ikapatwa na msiba, na watoto watano wakabaki bila mama. Mkubwa alikuwa na miaka 12, mdogo miezi 6 tu. Walikuwa wajukuu wa kaka yake, nasi kwa desturi zetu tungesema ni wajukuu wake yeye, wala tusingeona ajabu kuwa aliwachukua. Na hapa ndipo tunapojikwaa. Kwetu jambo hilo ni la kawaida mno hata hatuulizi. Ukoo hukaa kikao, na kabla chai haijapoa watoto wamekwisha kugawiwa: waende kwa shangazi mwalimu, ana mshahara, hana mume, hana mzigo. Yeye mwenyewe huambiwa baadaye. Kisha akifa twasema alijitoa.

Anna Cooper aliwachukua wote watano, akanunua nyumba kubwa, akawalea kwa mshahara wa mwalimu. Columbia ilidai mwanafunzi akae chuoni mwaka mzima. Hakuweza, maana nani angebaki na watoto? Lakini hakusema kwamba masomo basi. Alitafuta njia nyingine, akaipata Paris, katika Sorbonne. Alipokuwa huko alipata habari kwamba asiporudi darasani ndani ya siku 60 kazi yake imekwisha. Akarudi. Aliandika tasnifu yake, kwa Kifaransa, juu ya mwenendo wa Ufaransa kuhusu utumwa wakati wa Mapinduzi, akaitetea mbele ya maprofesa wa Paris mwezi wa Machi 1925, akiwa na miaka 66. Shahada ya udaktari alikabidhiwa Desemba mwaka huo, katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington.

Sisi twaona kwamba mtu huyu ana haki ya neno lile, kwa sababu alikuwa amelipigania neno lingine kwanza. Yule msichana aliyekataa kunyimwa Kigiriki ndiye mama aliyekubali watoto watano. Aliijua thamani ya saa moja ya kusoma, akaitoa akijua anachotoa, na penye nafasi akaidai tena. Amri ya kumpenda jirani hupima upendo huo kwa namna mtu anavyojipenda mwenyewe, haikusema ajifute.

Tusidhani kwamba ilikuwa rahisi, au kwamba thawabu ililingana na kazi. Yule mtoto wa miezi 6, ambaye aliitwa kwa jina lake, alifariki mwaka 1939 akiwa msichana wa miaka 24 tu. Mwalimu alikuwa amekwisha pita miaka 80.

Kama mtaa wetu ungetaka kufanya jambo moja kwa ajili ya walimu na mama zetu wangali hai, tungependekeza liwe dogo: kabla ya kumpa mama kazi nyingine ya Kanisa au mtoto mwingine wa ukoo, aulizwe, na akisema hapana asinung'unikiwe. Akisema ndiyo, aulizwe pia ni nani atakayemshikia mtoto siku ya Jumamosi. Twajua wapo watakaosema kwamba mambo hayo si ya kujadiliwa hadharani. Lakini kimya ndicho kilichotufikisha hapa.

Alipostaafu sekondari mwaka 1930 Anna Cooper akawa mkuu wa Frelinghuysen, chuo cha watu wazima ambao mchana walikuwa kazini na usiku wakaja kusoma. Chuo kilipokosa jengo, madarasa yakahamia nyumbani kwake, katika nyumba ile ile aliyolelea watoto. Sehemu ya wale ambao hawakuwahi kupata elimu aliipa jina la mama yake, Hannah Stanley.